Mguu Uliokutangulia

Baba Rukia, mume wangu,

Sikuulizi hali, kwa maana sijui kule uliko hali hujibiwaje. Mimi niko papa hapa Kuze, ghorofa ya juu, juu ya kitanda kile kile ulichokuwa ukikilalamikia kwamba kinalia ukijigeuza. Ni baada ya alasiri. Watoto wa madrasa wameshapita na kelele zao na uchochoro umenyamaza. Rukia yuko jikoni ananipikia uji usio na sukari wala chumvi, uji wa adhabu, kama ulivyokuwa ukiuita. Amenipa karatasi na kalamu akaniambia niandike yaliyo moyoni, na nikimruhusu atawasomea wenziwe wanaouguza wazazi wenye ugonjwa wa sukari. Nimemwambia awasomee akipenda, lakini ajue maneno haya ni ya babake.

Kesho asubuhi natakiwa hospitali. Watanikata mguu wa kulia, chini ya goti, pale pale ulipokatwa wewe wa kushoto. Mpaka juzi nilikuwa nimekataa katakata, na Rukia analia kila siku akinitajia kifo. Sababu ya kukataa sikumwambia mtu ila dadako Zena, na jibu alilonipa lilinitia baridi mwilini. Sasa nakwambia wewe, kwani sababu yenyewe ni wewe.

Wakumbuka tulivyojuana? Mama alinileta kwenye kibanda chako cha Makadara nikatengenezewe makubadhi ya Idi. Nilikuwa ndani ya buibui, uso umefunikwa, nikavua kiatu nikasimama juu ya kipande cha boksi, nawe ukauchora mguu wangu kwa penseli. Ulichora polepole mno. Mama akakohoa. Mchumba mwengine huona uso kwanza, wewe uliona vidole, na mpaka tuna wajukuu hukuacha kujisifu kwamba uliposa mguu, mengine yote yalikuwa nyongeza. Kile kipande cha boksi kilikaa ndani ya kasha lako la ngozi hadi mende walipokila pembe.

Kazi yako ilikuwa ya mikono lakini kwako ilikuwa ya miguu. Ulikaa juu ya gunia umekunja magoti, ngozi umeibana baina ya nyayo zako mbili kwa nguvu, halafu mikono ndiyo ikashona. Mafundi wengine walikuwa na jiriwa ya chuma. Wewe ulisema jiriwa yako ulizaliwa nayo. Basi jioni ulirudi nyayo zimekauka na vidole vimekaza, ukaziosha, ukajilaza, nami nikazipakata. Mafuta ya simsim yalikuwa ndani ya kichupa kile cha kijani. Nilianza na kisigino, nikaingiza dole gumba pale penye shimo la unyayo, nikapanda, nikamalizia kwa kuvuta vidole kimoja kimoja kutoka kile kidogo, na kile kikubwa lazima kilie. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya jioni, hayakuwa na maneno mengi.

"Wasikia?" nikikuuliza.

"Nasikia," ukinijibu, na macho umefumba.

Sukari ilikukuta mtu mzima, ndevu zimeshachanganya. Kiu, kwenda haja kila saa, mwili kupungua, na wewe wasema ni joto. Ulipoambiwa na daktari ulicheka. Halua uliiacha mbele yangu ukaenda kuila Makadara, usidhani sikujua, kwani harufu ya iliki ilikuwa inakutangulia mlangoni. Vidonge ulivimeza ukikumbuka. Na mimi nilinyamaza nikidhani sukari ni ugonjwa wa mkojo, ukikojoa imekwisha. Hatukujua kwamba ilikuwa ndani yako inafanya kazi taratibu, kwenye macho, kwenye mafigo, kwenye mishipa, kama maji ya chumvi yanavyofanya kwenye kuta za nyumba zetu hizi. Kwa nje chokaa nyeupe, na ndani jiwe linageuka unga.

Siku niliyoogopa mara ya kwanza ilikuwa jioni ya kawaida. Nilikuwa nimeshamaliza kisigino, niko kwenye vidole, nimekiliza kile kikubwa, na wewe ukafumbua macho ukaniuliza kwa upole kabisa, "Mbona huanzi?"

Nikakutazama. Mguu wako ulikuwa mikononi mwangu, una mafuta, umemeremeta. Nilikuambia naanza sasa hivi, nikarudia upya. Nilihisi nimeshika kitu cha mtu mwengine. Sikukwambia, na wewe hukuuliza tena, ila toka siku ile nilipouliza "Wasikia?" ulikuwa ukichelewa kidogo kujibu, na nikajua unanitazama mikono kabla ya kusema ndiyo.

Halafu ukaja ule mchana wa alama za damu. Nilikuwa natoka kwa jirani, nikakuta uchochoroni alama ya kubadhi moja, ya kushoto tu, nyekundu, inaelekea kwetu. Nikaifuata. Ilipita mlangoni, ikapanda ngazi, daraja baada ya daraja, bila ya mwenziwe wa kulia. Nilisimama chini ya ngazi nikasoma dua zote nilizofunzwa chuoni, kisha nikapanda. Nikakukuta umekaa unakunywa chai, umevaa makubadhi yako, wanisalimia vizuri. Msumari mdogo wa soli, msumari wako mwenyewe, ulikuwa umetoka juu ukaingia kwenye unyayo, nawe umetembea nao kutoka Makadara mpaka nyumbani ukiwasalimia watu. Nilipokuvua ulishangaa kuliko mimi. Ulisema hujawahi kumtengenezea mtu kubadhi baya kama hili.

Kidonda kile hakikukubali dawa. Kilianza kama tundu la sindano, kikawa kama shilingi, kikawa na weusi na harufu. Walipokuambia mguu ukatwe ulikataa. Ulisema fundi wa makubadhi asiye na mguu ni kichekesho cha mji. Wakaja wazee, akaja maalim wa msikiti, akaja mwanetu Twaha kutoka kazini kwake Shimanzi na vumbi lake la godauni, wote uliwajibu la. Mimi nilingoja waondoke. Nilikaa chini pale anapokaa mkandaji nikakwambia, "Afadhali nikukande mmoja kuliko kuikosa yote miwili."

Ulilia, Baba Rukia. Ulilia bila sauti, kisha ukaniambia nimwite Twaha.

Yaliyofuata tumeyacheka baadaye, lakini siku yenyewe hayakuwa ya kucheka. Twaha alipewa mguu hospitali, umefungwa. Maalim alisema mguu wa aliye hai hausaliwi, bali huvishwa kitambaa ukazikwa kwa heshima. Wakauvisha nguo nyeupe, na Twaha na wanaume wachache wakaupeleka makaburini, wakauweka pembeni mwa mamako kama ulivyotaka. Sisi wanawake hatwendi maziko, basi nilikuwa nyumbani nakupikia uji. Kumbe majirani wameona Twaha amekipakata kifurushi kidogo cheupe, na wanaume nyuma yake wamenyamaza, na kila mmoja akajua ni maiti ya mtoto mchanga. Wakavaa mabuibui wakaja kwangu. Walipanda ngazi wakilia. Mimi, na umri ule, napewa pole ya mtoto!

Nikawaambia si mtoto, ni mguu wa Baba Rukia. Kilio kilikatika kama kilichozimwa. Walikaa kwenye mikeka wakatazamana, wala hapana aliyejua la kufanya, kwani matanga ya mguu hayana desturi. Zena ndiye aliyeuliza kama wakae au waende, na bibi mmoja akauliza kama nami nitakaa eda robo. Niliwapa kahawa. Waliinywa polepole na kila mmoja amekunja miguu yake akaificha ndani ya buibui.

Uliporudi nyumbani sikukugusa jioni ya kwanza. Sikujua nikae upande gani. Wewe ndiye uliyenyosha mguu wa kulia nikaukanda, nikamaliza, nikawa nafunga kichupa, ukaniambia, "Na huu mwengine je?"

Nilidhani akili imekupotea. Shuka pale ilikuwa tambarare. Ukaniambia vidole vimejikunja, vinauma, huwezi kulala, na kwamba unausikia mguu huo kuliko ulipokuwapo. Nilikaa nikatia mafuta viganjani, sijui kwa nini, nikaweka mikono mahali unyayo ungekuwa. Nikaanza na kisigino. Nikaingiza dole gumba pale penye shimo, ndani ya hewa, nikapanda. Nilikuwa naona haya kama mtu anayesema peke yake. Nilipofika kwenye kidole kikubwa na kukivuta, ulitoa pumzi ndefu ukasema, "Hapo. Kimelia."

Mimi sikusikia kitu. Lakini uso wako ulikuwa umetulia, nami sijawahi kukuona ukidanganya usoni.

Tukaendelea hivyo kila jioni. Mguu wako uliishi kule makaburini nawe ukawa wanipa habari zake. Ulikuwa ukisema mvua imefika, na nje Kuze jua kali, kisha baada ya muda mvua ikaja mpaka kwetu. Ulikuwa ukisema mchanga umeingia baina ya vidole, nikaupangusa, hewa juu ya shuka, nikaona unatabasamu. Siku moja nikitandika nilikuta upande wa kushoto, pale pasipo mguu, mchanga kidogo, mwororo. Niliikung'utia shuka dirishani na sikukwambia. Mji huu una mchanga kila mahali, upepo ukivuma tu umo ndani. Nilijiambia hivyo, na ule wa pili nilipoukuta nilijiambia tena.

Ukaanza kazi upya, hapa hapa nyumbani, na kubadhi la kwanza ulilotengeneza lilikuwa lako. Nilikwambia unahitaji moja tu. Ulinitazama ukasema hujawahi kutengeneza kubadhi lisilo na mwenziwe na huanzi uzeeni. Ukayaweka mlangoni yote mawili, yametazama nje, tayari kwa safari. La kulia ulilivaa mpaka likaisha soli tukalitupa. La kushoto lilibaki pale, jipya, halina mwenyewe. Wajukuu waliokuja waliliruka wakiingia, ingawa hakuna aliyewakataza.

Na mafigo nayo yakachoka. Nakumbuka ile mashine ya kusafishia damu, ulivyokuwa ukirudi kutoka kwake mwili umekauka kama dafu lililonywewa. Nakumbuka pia alasiri ile ya mwisho, kwa sababu nilikuwa mahali pangu, mikononi mafuta. Nilikuwa nimeshika ule wa kulia kwa mkono mmoja, na ule mwengine kwa mkono wa pili, ule ambao haupo. Nilikuuliza kama wasikia.

"Leo naisikia yote miwili," ukasema. "Iko pamoja."

Nikafurahi. Nikaendelea kukanda mpaka Rukia alipoingia na kunishika mabega. Wakakupeleka ulikokuwa umetangulia, Twaha akanieleza kwamba walikulaza ubavuni mwa mguu wako, na nilikaa eda yangu kamili, si robo.

Sasa nije kwangu. Sukari ilinipata na mimi, ukubwani, kama wewe. Nilikuwa nimeshajifunza: halua niliiacha kweli, vidonge nilimeza, kiatu sikivai mpaka nikitie mkono ndani nitafute msumari. Nyayo zikafa ganzi hata hivyo. Nilikuwa nakanyaga sakafu kama nakanyaga godoro. Siku moja miguu ilikuwa imevimba, nikafanya tunavyofanya sote hapa, nikachemsha maji nikatia chumvi nikautumbukiza wa kulia kwanza. Nilikaa kwa raha zangu nasikiliza redio. Rukia ndiye aliyeingia akapiga kelele, kwani ngozi ilikuwa imeanza kutoka kwenye unyayo na mimi naona maji ni ya uvuguvugu. Kidonda ndicho hiki.

Walinifunga dawa, wakanilaza hapa. Na alasiri ya siku ya pili, mji umenyamaza kama hivi, nilihisi mkono. Sikuhisi kitambaa, sikuhisi kidonda, wala nzi aliyekuwa anatembea juu ya vidole nikimuona kwa macho yangu. Lakini nilihisi dole gumba linaingia pale penye shimo la unyayo, likapanda. Kisha kidole kidogo kikavutwa. Kikafuata cha pili. Vyote mpaka kile kikubwa, nacho kikalia, na mlio wake niliusikia kwa masikio.

Nilijua ni nani. Mikono ya fundi ina sugu mahali pake, na mimi sugu zako nazijua. Niliogopa, sikufichi. Mara ya pili niliogopa kidogo. Ya tatu nilijilaza mapema, nikanyosha mguu, nikakungoja.

Daktari wetu ni mwanamke wa Machakos, jina lake Mwende, Mkristo mwenye subira, kila mwanamke kwake ni mama. Alisema kidole kimoja kitolewe upesi. Nikamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika vilikuwa vidole viwili, nikamwambia nitazame kwanza, na weusi ukapanda. Watu walidhani naogopa kisu. Mimi nilikuwa nahesabu, Baba Rukia: wakikata mguu, wewe utashika nini?

Akanipima siku moja kwa uzi mgumu kama mshipi wa kuvulia. Aliniambia nifumbe macho, naye atanigusa unyayoni, kila nikisikia niseme ndiyo. Nikafumba. Kimya kikawa kirefu. Kisha nikasikia shinikizo kwenye shimo la unyayo nikasema ndiyo. Nikasikia kisigino, nikasema ndiyo. Nikavutwa kidole kidogo, nikasema ndiyo, na kinachofuata, ndiyo. Nilifurahi kwamba mguu unapona. Nilipofumbua macho, uzi ulikuwa mezani, daktari yuko kule kwenye bomba ananawa mikono, amegeuka kunitazama na maji yanaendelea kutoka. Rukia ameweka mkono mdomoni.

Alisema alikuwa ameshamaliza zamani. Alikuwa amenigusa kila mahali na sikusema hata neno.

"Mama," akaniuliza, "unamjibu nani?"

Alikaa karibu yangu akanieleza kwamba mishipa ikifa haifi kimya, hupiga kelele zake, hukumbuka, na ndivyo hata aliyekatwa mguu husikia vidole asivyokuwa navyo. Alinieleza vizuri, nami nilimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akasema sasa si vidole tena, ni mguu, na tukichelewa itakuwa ni mimi mzima.

Ndipo nikamwambia Zena. Nilidhani atanicheka. Zena alivuta mtandio wake akasogea mbali na kitanda, akasema, "Wifi, huyo akuita. Hashiki mguu bure, akuvuta." Akanichomea ubani mpaka macho yakatoka machozi, akaweka msahafu juu ya mto. Alasiri ikafika nawe ukaja, moshi haujatoka bado, na siku ile ulikanda kwa nguvu zaidi. Nililala nikikuuliza moyoni: wanivuta? Wanishikilia nisiende nikakatwe, nioze hapa taratibu, mpaka nije kwako? Nakupenda, lakini neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilianza kukuogopa upya, na kwa hofu nyengine, na hata hivyo mguu sikuuondoa.

Juzi Rukia alikaa chini, pale pangu pa zamani. Alifungua kitambaa cha kidonda. Harufu wajua mwenyewe, uliishi nayo. Hakuziba pua, hakugeuza uso, aliushika mguu wa kushoto, ule mzima, akatia mafuta kutoka kwenye kichupa cha kijani ambacho nilidhani kilishatupwa. Alikanda vibaya, hajui, aliruka kile kidole kidogo. Nilimwambia aache. Akasema bila kuinua kichwa, "Huo wa kulia mpe Baba, mama. Lakini niachie na mimi mmoja wa kukanda."

Sikujua kwamba anajua. Nafikiri siku ya ule uzi aliona mdomo wangu ulivyotabasamu. Na maneno yake yalinirudisha kwa yale niliyokwambia wewe, mahali pale pale, na hapo likanijia jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote nisilione. Nilikukanda mguu usiokuwapo. Ulikuwa chini ya mchanga, mbali, na mkono wangu juu ya shuka tupu ulikufika, kidole kikalia. Basi mimi niliye hai niliweza, wewe ushindwe? Mwenye kazi ni wewe, uliyechora mguu wangu kabla ya kuniona uso. Wakiukata unajua ulipokuwa. Na kama hujui, basi si wewe, na aliyenishika sina haja naye.

Nikamwambia Rukia amwite Twaha. Nimempa maagizo: auvishe nyeupe, aupeleke ulipo, auweke karibu na miguu yako. Na awaambie majirani mapema, nisiletewe tena pole ya mtoto.

Leo alasiri hukuja. Nilinyosha mguu nikangoja mpaka kivuli cha dirisha kikafika mlangoni. Hakuna. Nikasema nimekuudhi. Ndipo macho yakafuata kile kivuli, nikaliona kubadhi lako la kushoto mahali pake, limetazama nje. Nikafikiri: kuanzia kesho mimi ni mwanamke wa mguu wa kushoto tu. Nikajikokota nikalichukua. Nikatia mkono ndani kwanza, kutafuta msumari, kama desturi.

Wajua kubadhi jipya lilivyo, ngozi ngumu, huuma wiki nzima kabla ya kumkubali mtu. Hili halijavaliwa hata siku moja, nakuapia, nimelifagilia pembeni miaka yote. Mkono wangu ulikuta ngozi imelainika. Kisigino kimebonyea. Na mbele, vishimo vitano, kila kidole na chake, kile kikubwa kimeingia zaidi. Nikalikung'uta. Ukatoka mchanga kidogo, mwororo.

Nimelivaa. Ni kubwa kwangu, lakini si sana. Ninalo mguuni ninapoandika haya, na Rukia amepita hapa akalitazama.

Sikuagi, kwa maana sijui nani kati yetu ndiye aliyeondoka. Nikizinduka kesho nitakuwa sina pale pa kushikwa, na alasiri itafika, na mji utanyamaza. Nitanyosha hivyo hivyo. Anza na kisigino, usiharakishe, na kile kidogo cha kushoto Rukia alikiruka.

Wasikia?

Mkeo,
Mama Rukia